PhD ya tabianchi ukiwa Mwanza: anza na ziwa, tafuta msimamizi, hela inafuata

Wakuu habari za jioni. Kila mwezi napata meseji kama tatu nne hivi za watu ambao nimesoma nao au wamepewa namba yangu na mtu, na zote zinafanana, "kaka una linki yoyote ya skolashipu ya PhD ya mabadiliko ya tabianchi?" Mimi nauliza, unataka kuchunguza nini? Kimya. Siku mbili baadaye jibu linakuja, "chochote tu bana, ilimradi fully funded". Hapo ndo nimeamua niandike yote mahali pamoja ili nikiulizwa tena natuma hii.

Linki ya skolashipu ikishafika kwenye grupu la WhatsApp ni kama kwenda mwaloni Kirumba saa sita mchana kuuliza sangara. Samaki walishuka alfajiri, wenye namba za wavuvi walishapiga simu usiku boti ikiwa bado majini, na wewe unabaki kuchagua kilichobaki kwenye beseni. Waliopata PhD nzuri ninaowajua mimi karibu wote walikuwa wameshaongea na profesa miezi kadhaa kabla tangazo halijatoka. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: swali kwanza, data kidogo, msimamizi, halafu hela. Ukigeuza utateseka, mimi niligeuza nikateseka miaka miwili.

Hatua ya kwanza: pata swali, tena dogo

Propozali yangu ya kwanza ilikuwa na kichwa "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa jamii za wavuvi Tanzania". Niliiona kali sana. Nikaituma kwa profesa mmoja Ulaya, akanijibu mstari mmoja tu, kwamba kijiji gani, miaka ipi, na kwa data ya nani? Nilikasirika, nikasema hawa watu wana dharau. Baada ya wiki nikajiuliza mwenyewe yale maswali matatu na sikuwa na jibu hata la moja.

Sasa sisi wa huku tuna mtaji ambao tunaupita kila siku tukiwa kwenye daladala. Ziwa Victoria ni kama kilomita za mraba 68,800, la pili duniani kwa ukubwa wa eneo kati ya maziwa ya maji baridi, lakini lina kina kifupi tu, wastani wa mita 40 hivi na penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui, sehemu kubwa ya maji yake, kwenye asilimia 80, inatoka kwenye mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, mito kama Kagera na Mara inaongezea tu. Maana yake mvua ikibadilika ziwa linajibu haraka. Mnakumbuka ile mvua ya mwishoni mwa 2019 iliyoendelea hadi 2020, maji yakafuata watu majumbani na kwenye mialo? Mei 2020 kipimo cha kule Jinja kilisoma mita 13.42, kikapita kidogo rekodi ya 1964. Hapo tayari una swali: kwenye mwalo fulani, Igombe tuseme au Kayenze, maji yalipanda yakafika wapi, nani alihama, nani alirudi, na halmashauri iliruhusu ujenzi gani baada ya pale.

Maswali mengine yako hapahapa mlangoni. Akina mama wanaoanika dagaa: wanaoanika mchangani na wanaoanika kwenye chanja wanapoteza mzigo kiasi gani msimu wa mvua, na mvua ikianza kuja nje ya msimu je? Vizimba vya sato: maji yakipata joto oksijeni inapungua, mwani wa kijani unatanda, siku moja mfugaji anaamka samaki wote wanaelea tumbo juu, sasa je kuna dalili inayoweza kuonekana kwa setilaiti siku tatu kabla? Radi na dhoruba za usiku ziwani, ambazo mvuvi wa karabai anazijua kuliko mtu yeyote aliyekaa ofisini, taarifa za hali ya hewa zinamfikia saa ngapi na anaziamini? Mto Mirongo kufurika katikati ya mji. Mkaa: toka Januari 2024 taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, basi nenda shule moja ya bweni Sengerema uone jiko linawaka nini. Hiyo ni PhD ya sera, haihitaji hata kujua kuogelea.

Na usidhani "uendelevu" ni wa watu wa sayansi tu. Mwanasheria, mwalimu wa uchumi, mtu wa jinsia, mtu wa IT, wote wana nafasi. Nimeona mhasibu anaandika kuhusu bima ya wafugaji wa samaki, na yuko vizuri tu.

Ili ujue swali lako limekaa sawa, mwambie mtu asiyesoma fani yako kwa sentensi mbili. Akiuliza "kwani hiyo haijulikani?" na wewe ukaweza kumjibu kwa nini haijulikani, songa mbele.

Hatua ya pili: chezea data kabla hujamwandikia mtu

Hii hatua watu wanairuka na ndiyo inayotenganisha wanaojibiwa na wasiojibiwa. Huhitaji hela, unahitaji bando na uvumilivu. Kuna data ya mvua inaitwa CHIRPS, inaanzia 1981, kila kipande ni kama kilomita 5 kwa 5, bure. Picha za Landsat zinaanzia 1972, Sentinel-2 zinaanzia 2015 na zinaonyesha hadi mita 10, kwa hiyo vizimba na mikeka ya gugu maji unaviona kabisa. Google Earth Engine inakuruhusu kuchakata vyote hivyo kwenye kompyuta zao, laptopu yako ikiwa mbovu haina shida, na kwa utafiti ni bure. Data za vituo vya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, nazo zipo ila unaziomba kwa barua rasmi, kwa hiyo anza mapema.

Kama wewe ni mtu wa jamii siyo wa namba, basi nenda mwaloni asubuhi tatu, kaa, sikiliza, andika. Usihoji mtu rasmi kama huna kibali, ongea tu kama jirani ili swali lako linyooke, data yenyewe utakusanya baadaye ukiwa na karatasi mkononi.

Toa kurasa tatu na grafu moja. Grafu moja ya kwako mwenyewe inampa profesa picha yako kuliko vyeti sita.

Pia soma waliotangulia hapahapa. Ghuba ya Mwanza ni moja ya sehemu za ziwa zilizochunguzwa sana, kundi la Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lilianza 1977 kufuatilia furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, wakashuhudia aina nyingi zikipotea miaka ya 80 sangara walipotawala. Ukimwandikia mtu wa ikolojia kuhusu ghuba hii bila kujua habari ya furu umejimaliza mwenyewe.

Hatua ya tatu: msimamizi

Fungua Google Scholar, ile ya kutafutia pepa za utafiti, andika Lake Victoria na neno la mada yako, chuja miaka mitano ya karibuni. Kwenye kila pepa angalia mambo mawili. La kwanza jina la mwisho kwenye orodha ya waandishi, kwa fani nyingi za sayansi huyo ndiye bosi wa kikundi. La pili, shuka hadi kwenye aya ya shukrani mwisho kabisa, ile ambayo hakuna anayeisoma, pale wanataja nani alilipia utafiti. Ukikuta profesa yuleyule ana pepa tatu zimelipiwa na mfuko uleule na mradi unaonekana bado unaendelea, huyo ana hela ya mwanafunzi au anajua itatoka wapi.

Angalia pia mtanzania aliyemo katikati ya majina. Mara nyingi ni mtu wa TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa SUA (Chuo cha Kilimo cha Sokoine) au wa chuo cha Nelson Mandela kule Arusha, na TAFIRI wana kituo hapa Nyegezi, yaani unapanda gari tu. Mwone huyo kwanza. Msimamizi wa pili wa ndani si pambo, wengi wa nje wanaogopa kumchukua mtu ambaye hana mtu wa kumsimamia akiwa fildi.

Imeili iwe fupi, kwa Kiingereza chepesi, isiyozidi maneno 200. Mimi yangu iliyofanya kazi ilikaa hivi kwa maana: nimesoma pepa yenu ya mwaka fulani kuhusu joto la maji, mmetumia vituo viwili na vyote viko kaskazini, mimi niko kusini mwa ziwa na nimeangalia picha za setilaiti za ghuba ya Mwanza za miaka sita, naona kitu tofauti kidogo, grafu nimeambatanisha, je mnapokea mwanafunzi wa PhD mwakani, na kama hamna hela kuna mfuko gani tunaweza kuomba pamoja? Basi. Hakuna "dear respected sir I am humbly", hakuna hadithi ya umaskini wa familia, hakuna vyeti 11 kwenye kiambatanisho.

Nilituma 41. Walionijibu 9, waliokuwa siriasi 3, aliyenichukua 1. Kwa hiyo ukituma nne ukakaa kimya kununa, hujaanza. Asipojibu kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, halafu achana naye.

Hatua ya nne: hela, na hapa kila nchi ina tabia yake

Cha kwanza kuelewa ni kwamba kuna nchi PhD ni masomo na kuna nchi PhD ni ajira. Sweden na Norway ni ajira, unatangaziwa nafasi kama kazi, unalipwa mshahara, Sweden kwa kawaida ni miaka minne. Huko huombi skolashipu, unaomba kazi, kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa nafasi za kazi wa chuo chenyewe kila wiki. Ushindani mkali lakini hawaangalii unatoka wapi, wanaangalia kama unafiti kwenye mradi.

Zile za Marie Curie za Umoja wa Ulaya nazo ni ajira, zinatangazwa EURAXESS, tovuti ya kazi za watafiti Ulaya. Zipo wazi kwa uraia wowote, masharti makubwa ni kwamba usiwe na PhD tayari na usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi unayoenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu iliyopita. Mtu wa Mwanza ambaye hajatoka anakidhi bila jasho, halafu ndiyo hao hao hawaombi.

Ujerumani vyuo vya umma kwa kawaida havikutozi ada ya PhD, ishu ni hela ya kula, na ndipo DAAD, shirika la Wajerumani la skolashipu, inapoingia. DAAD wana njia mbili, kwenda Ujerumani au kusoma ndani ya Afrika kwenye vyuo walivyoingia navyo makubaliano, na kwenye hii ya ndani wanataka shahada yako ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka sita. Soma hilo mara mbili. Kuna dada mmoja namfahamu alikaa anajipanga mpaka mwaka wa saba.

Uingereza, Tanzania inaangukia kwenye kundi la nchi zinazoruhusiwa kuomba skolashipu ya PhD ya Jumuiya ya Madola, na kuna ile ya kugawanya, unasajiliwa kwenye chuo cha nyumbani halafu unaenda kule mwaka mmoja. Dirisha mara nyingi hufunguka Septemba na kufunga Oktoba, yaani ukisikia habari zake Novemba umechelewa mwaka mzima. Vituo vya PhD vya kule vinavyofadhiliwa na UKRI, shirika la serikali la kufadhili utafiti, vinachukua pia wageni hadi asilimia 30, ila uliza mapema tofauti ya ada ya mgeni nani anaibeba.

Marekani unaomba chuo moja kwa moja, dedilaini nyingi ni Desemba na Januari, na hela inatoka kwa kufundisha au kufanya kazi kwenye maabara ya profesa. Kuna ada ya maombi kila chuo, ila andika uombe kusamehewa, vyuo vingine vinakubali ukiomba vizuri. Uholanzi, Wageningen wana ile tunayoiita sandwichi, unaanza kule, katikati uko nyumbani unakusanya data, unamalizia kule. Kwa mtu mwenye familia na kazi, mimi naiona ndiyo njia yenye akili kuliko zote.

Halafu Afrika, ambako watu wanapadharau bure. RSIF, mfuko wa skolashipu za PhD za sayansi Afrika, inaratibiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, na mabadiliko ya tabianchi ni moja ya maeneo yake. Chuo Kikuu cha Afrika (Pan African University) kina tawi la maji na nishati kule Tlemcen, Algeria. Nelson Mandela Arusha wana kituo cha maji na nishati kilichoanzishwa kwenye mpango wa Benki ya Dunia. Dada zangu, angalieni OWSD, shirika la wanawake wanasayansi, ipo Trieste, Italia, lakini inawapeleka wanawake wa sayansi kusoma kwenye vyuo vya nchi za kusini, ikitangazwa tu ombeni. Kuna kituo cha masomo ya tabianchi kinaitwa WASCAL kinazunguka sana kwenye magrupu, jina zuri, hela nzuri, ila ni cha Afrika Magharibi, na SASSCAL ni ya Angola, Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zambia. Usipoteze wiki mbili zako huko.

Ukiwa umeshasajiliwa sehemu lakini hela haitoshi, IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, wana mfuko wa wanafunzi wa PhD wa nchi zinazoendelea, ulianza na hela ya tuzo ya Nobel ya 2007, hutoa hadi euro 15,000 kwa mwaka kwa miaka isiyozidi miwili. Wachache sana huku wanaujua.

Hatua ya tano: makaratasi

Fupi tu. Pasipoti sasa hivi, shilingi 150,000, usisubiri ofa. Transkripti za digrii na masta, nakala zilizogongwa muhuri na wakili. Barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza, vyuo vingi vinaikubali badala ya mtihani wa IELTS, uliza kabla hujatoa hela. Wadhamini watatu, na wape mwezi mzima pamoja na rasimu ya propozali yako, maana lekchara aliyekufundisha 2016 hakukumbuki, anakumbuka darasa. Kama ni mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo iombe kwa mwajiri mapema na uhakikishe jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo, nimeona mtu ana ofa mkononi na barua yake imelala kwenye meza ya mtu miezi mitano.

Na matapeli. Mimi niliwahi kumpa wakala fulani laki tatu na nusu, akaniahidi "nafasi ya uhakika" Canada, akanitumia barua yenye nembo ya chuo imekaa upande. Ada ya maombi unalipa kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Ukiombwa kulipia skolashipu kwa namba ya simu, kimbia.

Hatua ya sita: intavyuu

Watauliza mambo matatu. Kwa nini wewe, kwa nini pale, na ukikosa data utafanyaje. Hili la tatu ndilo linaloangusha. Jibu langu lilikuwa kwamba boti ikiharibika au msimu ukigeuka nina picha za setilaiti na nina mialo miwili ya akiba inayofikika kwa barabara, nikawatajia na nauli. Walicheka, lakini waliandika. Umeme nao, nenda sehemu yenye jenereta, mimi yangu ya mtandaoni niliifanyia kwenye ofisi ya rafiki Nyegezi nikiwa nimeweka bando kwenye simu mbili.

Hatua ya saba: ukishapata, rudi mwaloni vizuri

Kama umesajiliwa nje, kibali cha utafiti anza kuulizia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, halafu barua inashuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwisho viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Usiruke hata mmoja. Kusafirisha sampuli za maji au samaki nje ya nchi nako kuna kibali chake na makubaliano kati ya taasisi, weka miezi mitatu ya kusubiri kwenye ratiba. Kwenye bajeti weka maboya ya kuvaa, usipande mtumbwi wa mtu bila hilo hata kama yeye anakucheka.

Na weka mstari wa mkutano wa kurudisha matokeo, nauli, soda, na kurasa mbili za Kiswahili za kubandika ofisi ya BMU. Siku yangu ya kwanza Kayenze nilitoa dodoso, mzee mmoja anashona nyavu wala hakuinua kichwa, akaniuliza, "Na majibu ya yule binti aliyekuja mwaka juzi yako wapi?" Sikuwa namjua huyo binti. Nilienda kuitafuta pepa yake, nikaichapa kwa Kiswahili, nikarudi nayo wiki iliyofuata, ndipo akaweka nyavu chini.

Kama una propozali ya kurasa tatu na grafu, niandikie nitaisoma. Ukiniuliza linki, nakutumia hii.